Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo: maji kwa mama lishe wa Msewe

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Msewe, mtaa unaopakana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilisoma chuoni hapo, nikapanga chumba Msewe kuanzia mwaka wa pili, na baada ya kuhitimu sikuhama. Kwa miaka yote hiyo chakula changu cha mchana nimekula kwa mama lishe, kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya mtu anayekalia benchi lile lile kila siku pamoja na wanafunzi, mafundi na madereva wa bodaboda. Ninaomba jambo moja: koki za maji safi, pamoja na mahali pa kumwagia maji machafu, katika sehemu tatu za mtaa wetu ambako vibanda vya chakula vimekusanyika. Mengine nitakayoyagusa yanatokana na hilo.

Zamani mwanafunzi wa Mlimani, kama chuo hicho kinavyoitwa, hakuwa na haja ya kutoka nje ya geti kutafuta sahani. Chuo kilipohamia kilimani mwaka 1964, kikitokea Mtaa wa Lumumba ambako kilianza Oktoba 1961, kiliwekewa mabweni na kumbi za kulia, na kwa miaka mingi gharama ya chakula cha mwanafunzi ilibebwa na Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulipoingia utaratibu wa kuchangia gharama, mwanafunzi akaanza kushika mwenyewe fedha ya mlo wake na kuamua aende nayo wapi. Baadaye idadi ya wanafunzi ikapanda kupita uwezo wa mabweni, na hata yale mabweni ya Magufuli yaliyozinduliwa Aprili 2017, yenye nafasi 3,840, hayakumaliza haja ya vyumba vya kupanga. Vijana wakaenea Msewe, Changanyikeni, Savei, Sinza na Mabibo, na kila walikohamia, wanawake wenye masufuria wakawafuata. Ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba kibanda cha mama lishe ni sehemu ya chuo hicho kama yalivyo mabweni yake, ingawa kiko nje ya uzio na hakimo katika ramani yoyote.

Naomba uniruhusu nieleze watu wanakula nini hapa, kwa sababu anayepanga mji akiwa ofisini anaweza kudhani kwamba vibanda hivi ni chipsi na soda tu. Kabla jua halijachomoza kuna supu, ya kongoro au ya utumbo, na chapati zinazogeuzwa juu ya kikaango cheusi kilichokwishapikia maelfu. Kuna uji wa ulezi kwa asiyetaka mafuta asubuhi, kuna vitumbua, kuna maandazi na chai ya rangi yenye tangawizi ya kutosha kumwamsha aliyekesha akiandika ripoti. Kuanzia saa sita mchana masufuria makubwa hufunuliwa: wali, maharage ya nazi, ugali, dagaa wa kukaanga, mchicha, matembele, ndizi nyama siku mbili kwa wiki, na makande siku ya Ijumaa katika kibanda kimoja ambacho wanafunzi hupangia foleni. Jioni huingia vijana wa mihogo na mishikaki, na wale wa chipsi mayai, ambazo wanafunzi huziita zege. Kuhusu vinywaji, mtaa una juisi ya miwa inayokamuliwa mbele ya mteja, juisi ya ukwaju, madafu kwenye baiskeli, na mzee mmoja wa kahawa na kashata ambaye kijiwe chake, kwa maoni yangu, kimesuluhisha migogoro mingi kuliko ofisi yoyote ya mtaa.

Bei ya chakula hiki ndiyo inayomweka mwanafunzi darasani. Posho ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, hutolewa na Bodi ya Mikopo na ni shilingi 10,000 kwa siku kwa chakula na malazi pamoja, nayo haiingii kila siku bali kwa mafungu. Ukishaondoa kodi ya chumba, nauli na kudurufu makabrasha, kinachobaki ni cha sahani za shilingi 1,500 au 2,000, na Msewe sahani hiyo hushibisha. Wanafunzi wana msemo wa kupiga pasi ndefu, maana yake kuahirisha mlo wa mchana hadi alasiri ili sahani moja ihesabike kuwa milo miwili. Katika wiki za mwisho kabla ya fungu jipya kuingia, mama lishe hufungua daftari la madeni. Nimeliona daftari la kibanda ninachokula: limechafuka mafuta pembeni, halina majina kamili wala namba za simu, limeandikwa jina la kwanza la mwanafunzi na kozi anayosoma, basi. Mwenye daftari aliniambia kwamba wengi hulipa, na kwamba wachache ambao hawakulipa anaamini walimaliza chuo wakiwa hawana kitu. Jina la zamani la mama ntilie lilitokana na maneno ya mteja, "mama, nitilie", na kila ninapomwona akimpakulia kijana ambaye mfuko wake ni mtupu huelewa kwa nini neno la kwanza katika ombi hilo ni mama.

Sasa nije kwenye maji, ambayo ndiyo sababu ya barua hii.

Nyuma ya kibanda hicho kuna mabeseni matatu ya plastiki juu ya ubao. La kwanza lina maji ya sabuni, la pili ni la kusuuzia, na la tatu ni la kusuuzia mara ya mwisho. Saa sita mchana unaweza kuona chini ya beseni la tatu vizuri kabisa. Saa saba na nusu, baada ya wimbi la wanafunzi wanaotoka vipindi vya asubuhi, maji yake yana rangi ya mchuzi na yanaelea vipande vya mafuta. Binti anayeosha vyombo huyageukia madumu: yamebaki mawili, na moja limewekwa kwa ajili ya chai ya jioni. Siku niliyokaa kumtazama alimwaga beseni la sabuni njiani, akayamimina maji ya beseni la pili mahali pake na kuyaongeza sabuni, akayasogeza ya tatu kuwa ya pili, kisha akafungua dumu na kutia maji mapya nusu beseni. Akaendelea kuosha. Siku hiyo nilihesabu madumu tisa ya lita 20 kuanzia alfajiri hadi kufunga, yote yakiwa yamenunuliwa kwa kijana wa mkokoteni, ambaye bei yake hupanda kila maji ya bomba yanapokatika mtaani.

Mwanamke mwenye kibanda hicho ni msafi. Kanga anayofunikia wali huifua kila jioni, hukata kucha, ana cheti cha kupimwa afya, na amefunga dumu dogo lenye koki mlangoni ili mteja anawe kwa maji yanayotiririka. Kinachomshinda ni kwamba kila lita anayotumia kwa usafi ameinunua, na akiongeza madumu matatu itambidi ama apandishe bei ya sahani ama apunguze maharage. Bwana Afya anapompitia na kumwambia aongeze usafi anampa agizo la haki, lakini anamwachia gharama ambayo sahani ya shilingi 1,500 haiwezi kuibeba.

Nilipokuwa mwaka wa pili niliugua tumbo siku nne katikati ya mitihani baada ya kula kachumbari katika kibanda fulani. Sitakitaja, kwa kuwa kingeweza kuwa chochote kati ya vile vya njia ile. Wali na maharage hupita motoni, lakini kachumbari haipiti, na nyanya iliyooshwa kwa maji ya dumu lililokaa wazi humfikishia mlaji chochote kilichomo katika dumu hilo. Sisi wa jiji hili tunajua jambo hilo linavyoweza kukua. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015, na baadaye kuenea mikoani, uuzaji wa chakula mahali pa wazi ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza kuzuiwa. Naelewa kwa nini ilifanyika hivyo wakati wa mlipuko. Lakini katazo likiisha mteja hurudi akiwa na njaa ile ile, na mama lishe hurudi na mabeseni yale yale, kwa sababu chanzo cha maji hakijabadilika.

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba maji yenyewe hayako mbali. Maji yanayosafishwa Ruvu Chini, wilayani Bagamoyo, husafiri kwa bomba kuu hadi kwenye matangi ya Chuo Kikuu, hapa hapa kilimani. Ninaomba ofisi yako ikae na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji letu, na uongozi wa mtaa, ili pawekwe koki tatu zenye mita, kila moja ikiwa na sakafu ya saruji na shimo la kupokea maji machafu, kwa kuwa koki isiyo na shimo itatuletea matope na mbu mahali pa vumbi. Maji yauzwe kwa bei ya halali ili koki zijiendeshe. Hatuombi ya bure.

Najua kuna wazo jingine ambalo husikika kila vibanda vinapozungumzwa, nalo ni kuwakusanya wafanyabiashara wote katika soko moja. Tuliona Oktoba 2021 wamachinga wa jiji hili wakiondolewa kandokando ya barabara na kupangiwa maeneo mengine, na sina ubishi kwamba barabara zinapaswa kupitika na kwamba mtaro haupaswi kujengewa. Kibanda kilicho juu ya mtaro kisogezwe, na mwenye nacho aonyeshwe pa kwenda siku hiyo hiyo. Lakini biashara ya chakula cha wanafunzi ina kanuni yake. Mwanafunzi anayetoka kipindini saa saba na kurudi saa nane ana saa moja ya kutembea, kula, kulipa na kupanda tena kilima. Soko lililo mwendo wa daladala moja haliwezi kumlisha, hata likijengwa kwa vigae. Atakachofanya ni kupiga pasi ndefu, au kununua andazi getini kwa muuzaji ambaye hatutajua anatumia maji gani.

Fedha za kuanzia zipo katika mipango ambayo tayari ni ya Serikali. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mama lishe wa Msewe ni wanawake waliokaa pamoja miaka mingi na wanajuana kwa tabia, hivyo wakisaidiwa kuandika katiba ya kikundi na kufungua akaunti watakuwa wakopaji wa kuaminika. Mkopo huo ungewapatia meza zinazofutika, makabati ya vioo, na majiko ya gesi badala ya mkaa, jambo linaloendana na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Naomba Afisa Maendeleo ya Jamii aje mtaani kuwaelekeza, kwa kuwa siku ya mama lishe huanza saa kumi alfajiri na kumalizika usiku, na hana nafasi ya kushinda kwenye foleni ya ofisi.

Neno fupi kuhusu jioni. Sinza ilipimwa viwanja katika mradi wa miaka ya 1970, ikapata barabara zilizonyooka, na ndiyo maana baa na majiko ya nyama choma yamestawi huko. Msewe ilikua bila kupimwa, vichochoro vyake ni vyembamba, na wasiokunywa pombe, ambao ni wengi, hukosa pa kukaa giza likiingia. Taa mbili za barabarani karibu na kijiwe cha kahawa zingetosha kuwapa vijana hao mahali pa kuzungumza, na kumpa binti anayetoka maktaba saa tatu usiku njia ya kupita akiwa na watu. Kwa sasa kijana wa chipsi hukaanga akiwa amebana simu begani ili tochi yake imulike mafuta yanayochemka, na kila nikimwona moyo wangu hushtuka.

Nimezungumza na wenye vibanda kumi na mmoja katika njia ninayoitumia. Wamekubaliana kuunda kamati ya watu watatu itakayosoma mita za koki, kuchangisha fedha ya bili kila Ijumaa jioni baada ya makande kwisha, na kufagia eneo la koki kwa zamu. Mwenye kiwanja kimoja kilicho wazi ameridhia kwa mdomo koki ya kwanza iwekwe pembeni mwa ukuta wake, na yuko tayari kuandika ridhaa hiyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa siku mpimaji atakapofika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Msewe
Kata ya Ubungo, Dar es Salaam