Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mlezi Wetu na Redio ya Umma

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina, nami sitaziingilia isipokuwa kuwakumbusha wenye malimbikizo ya ada kwamba daftari liko wazi. Ninataka kuzungumzia kazi aliyoifanya mlezi wetu, jaji mstaafu ambaye kabla ya kusomea sheria alikuwa mwandishi wa habari wa Redio Tanzania Dar es Salaam.

Mlezi ameendesha hapa Mbeya mafunzo ya kuripoti mahakamani kwa waandishi chipukizi wa redio. Tangu sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama mwaka 2021, mwandishi anayekaa na kusikiliza shauri kwa makini hana tena kisingizio cha kuripoti kwa kubahatisha. Siku moja alisomewa habari ya kesi iliyokuwa ndiyo kwanza imetajwa, ambamo mshtakiwa aliitwa jambazi, na mtoto aliyetarajiwa kutoa ushahidi alitajiwa kijiji na shule yake. Alivikata vyote kwa penseli, akamweleza kijana kwamba ametoa hukumu kabla shahidi wa kwanza hajapanda kizimbani, na kwamba kijiji na shule vinatosha kumtambulisha mtoto hata jina lake lisipotajwa. Wapo waliolalamika kwamba mzee anakwenda polepole mno. Kwa maoni yangu, polepole hiyo ndiyo tuliyoikosa.

Jambo la pili ni usikivu. Redio ya enzi zake ilitumia masafa ya kati na masafa mafupi, yanayofika mbali hata kuvuka milima, ilhali mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo wasikilizaji walio mabondeni, nyuma ya safu za Uporoto na Livingstone, huambulia mikwaruzo wakati aliye mjini anasikia vizuri. Tulipotaka kuandika barua ya malalamiko, mlezi alituzuia hadi tulipokusanya kwa kila kijiji saa na masafa yaliyojaribiwa. Msimamo wake ni kwamba redio inayoendeshwa kwa kodi ni mali ya mkulima wa viazi kama ilivyo ya waziri, na kwamba Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake, haina maana kwa mtu ambaye mawimbi hayamfikii. Barua tumeipeleka kwa wahusika, na majibu bado tunayasubiri.

Kamati inapendekeza mafunzo haya yafike Iringa mwaka ujao. Mlezi ameridhia, kwa sharti kwamba asilipwe posho, na kwamba kila atakayehudhuria aje na habari aliyokwisha kuitangaza, si ya mfano. Naomba mkutano huu uamue leo iwapo nauli za waandishi wa vijijini zitoke katika mfuko wa ada au tuzichangie kando.