Mama mdogo, sweta lako limefika Addis Ababa

Shikamoo mama mdogo.

Umeniachia ujumbe wa sauti mara tatu ukiuliza kama nakula na kama sweta nalivaa, nami kila mara najibu "mzima, nitakupigia", halafu napotea. Leo Jumapili sina mkutano, mvua imeshika tangu alfajiri, nimejifungia chumbani na soksi mbili mbili miguuni. Basi nakuandikia yote. Naiacha wazi wasome na wengine, maana kuna wenzangu wawili wanakuja huku baada yangu na wameshaanza kuniuliza yale yale unayouliza wewe.

Sweta, ulishinda. Nakumbuka nilivyokubishia pale uwanja wa ndege kwamba Ethiopia ni jirani ya Kenya, siyo Ulaya, na safari yenyewe kutoka Dar ni kama saa tatu tu angani. Kumbe mji huu umekaa zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Lushoto, unayosema baridi yake inaingia mpaka kwenye uboho, iko chini ya hapa kwa karibu kilomita nzima. Na Julai ndiyo mvua zao kubwa, wanaziita kiremt. Juzi mchana ilishuka mvua ya mawe hadi bustani ya hoteli ikawa nyeupe, na mimi nimesimama mlangoni na blauzi ya mikono mifupi. Ngazi nazo zina mambo yake. Chumba kiko ghorofa ya pili tu, lakini lazima nisimame katikati nijifanye natafuta funguo kwenye mkoba, kumbe natafuta pumzi.

Hayo yamekwisha. Sasa nikupe la kuchekesha, ingawa siku ile sikucheka.

Watu wa huku wanahesabu saa kama sisi, mama mdogo. Jua likishachomoza, saa moja. Saa sita ni adhuhuri. Sikuamini mpaka nilipoona saa ya ukutani kwenye duka moja: mshale mfupi umesimama kwenye mbili, na nje ndiyo kwanza watu wanakwenda kazini. Hata neno lenyewe ni sa'at, sikia lilivyo karibu na letu. Wageni wengine kwenye mkutano wanahangaika, wanatoa na kujumlisha sita kwenye vidole, mimi nikajiona mwenyeji. Ndipo nikaumbuka.

Dereva anayenipeleka mkutanoni ni mtu mzima, mpole, tunaongea kwa Kiingereza kwa sababu Kiamhari changu ni cha salamu na shukrani tu. Jioni ya siku ya pili nikamwambia, kwa Kiingereza, kesho saba. Kwa Kiingereza saba ni saa moja asubuhi, hilo hata mtoto wa shule analijua. Akaitikia. Kesho yake saa moja niko mlangoni, nimejifunga kanga juu ya koti, mvua inanyesha. Saa moja na nusu. Nampigia, anapokea kwa sauti ya usingizi, ananiambia bila wasiwasi wowote: saba, dada, saba! Yeye alilichukua neno la Kiingereza akalipeleka kwenye saa ya kwao, ikatoka saa saba mchana. Kila mmoja wetu saa yake ilikuwa sawa. Tungeachana na hicho Kiingereza, mimi nikasema saa moja na yeye akasikia sa'at moja, angekuwa mlangoni kabla yangu.

Na mimi ndiye mkalimani! Kazi yetu unaijua: mnakaa wawili kwenye kibanda cha kioo, mmoja anafasiri nusu saa, mwingine anapumzika na kumwandikia mwenzake majina na tarakimu, kisha mnapokezana. Zaidi ya hapo ubongo unaanza kutoa moshi. Mwenzangu siku ile alikaa peke yake dakika hamsini. Nilipoingia alikuwa mwekundu macho, akanisukumia kipaza sauti bila hata salamu, nami nikaanza kufasiri huku nimetoka mbio kwenye ngazi za mita 2,300. Mjumbe mmoja alinifuata wakati wa chai akaniambia kwa adabu kabisa kwamba mwanzoni walisikia mtu anahema tu.

Iliniuma, na nakwambia kwa nini. Kiswahili kimekuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu Februari 2022. Ni mji huu huu ambao Joaquim Chissano, rais wa Msumbiji wakati huo, aliwahutubia wakuu wenzake kwa Kiswahili mwaka 2004, wengi ukumbini wakashikwa bila kutegemea. Tumengoja sana kuketi kwenye kile kibanda. Halafu mara yangu imefika, mtu anawasha kisikizi chake apate Kiswahili, anapata kuhema.

Tangu siku ile mimi na dereva tunaagana kwa vidole. Nanyanyua kimoja, nasema saa, naye ananyanyua kimoja, anasema sa'at. Hajachelewa tena hata siku moja. Na amenifundisha kuhesabu: sita yao ni sidist, saba ni sebat. Nimemwambia hizo ni zetu, wamezitia chumvi tu.

Kuna jambo jingine lililonisumbua siku za mwanzo. Unamuuliza mtu swali, yeye badala ya kujibu anavuta pumzi ghafla, hah, kama aliyeona nyoka. Nilimuuliza binti wa mapokezi kama maji ya moto yapo, akavuta pumzi hivyo, nikageuka kutazama nyuma yangu kuna nini. Hakuna kitu. Ile pumzi ni "ndiyo". Nimewaza sana ningeifasiri vipi nikiwa kibandani. Sijapata jibu.

Kula nakula, usihofu. Injera ukiiona utasema ni mkate wa kumimina uliotandazwa upana wa sinia, vile vishimo vyake ni vile vile, ila hauna sukari. Ni chachu, kama togwa iliyolala. Siku mbili nilikula kwa kujilazimisha. Ya tatu niliitafuta mwenyewe. Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Orthodoksi wanafunga, hawagusi nyama wala maziwa, kwa hiyo mikahawa mingi siku hizo inatoa dengu, kabichi, mboga za majani na shiro, rojo zito la unga wa njegere. Mnakula sinia moja, na anayekupenda anakunja tonge lake anakutia mdomoni kwa mkono wake. Wanaita gursha. Mara ya kwanza nilifunga mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

Jana mfanyakazi mwenzetu wa hapa alitualika kwao kwa kahawa. Sakafuni wametandaza majani mabichi, mama yake ameketi kwenye kigoda na kikaango, anakaanga buni mbichi mbele yetu. Zilipoanza kung'aa mafuta akakipitisha kikaango kwa kila mgeni ujivutie moshi kwa kiganja. Bisi kwenye bakuli. Kahawa yenyewe inamiminwa kutoka kwenye mtungi mdogo wa udongo, kutoka juu, uzi mwembamba, haimwagiki. Baada ya kikombe cha pili niliona usiku umeingia, nikaanza kuaga. Yule mama alinishika kifundo cha mkono akasema neno moja, baraka. Nikadhani anajua Kiswahili. Kumbe vikombe ni vitatu, na kila kimoja kina jina: abol, tona, na cha tatu ndiyo hicho, baraka. Nikakaa chini. Kwa hilo jina ningeinukaje?

Usingizi sikuupata mpaka saa tisa. Yao na yetu.

Limebaki la masurufu. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka, ina miezi kumi na tatu, na mwaka mpya wao unaingia Septemba. Risiti ya teksi ya Ijumaa, tarehe 25 Julai, imeandikwa kwa mkono 18/11/2017. Niliituma ofisini, mhasibu akanirudishia na swali: Novemba 2017 ulikuwa hata hujaajiriwa, hii teksi ulipanda kwa kazi ya nani? Nimemwandikia maelezo ukurasa mzima.

Narudi Alhamisi. Nimekununulia buni mbichi kilo moja, na nimezifunga ndani ya sweta lako zisimwagike. Mtungi wa udongo sikuthubutu, ungevunjika njiani. Tutatumia birika lile la babu.

Mwanao.