Batiki, magunzi na uyoga mamama

Ndugu Mhariri,

Habari kwamba uyoga unakula rangi zimewafikia watengenezaji wa batiki wa Iringa na Mbeya, na sasa wapo wanaomimina beseni zima la maji ya rangi juu ya mifuko ya kuoteshea mamama, uyoga wa kula unaoota kwenye mbao, na kungoja maji yatakate. Mifuko inaoza, lawama anabebeshwa muuza mbegu za uyoga.

Jambo lenyewe ni kweli. Mwaka 1983 Glenn na Gold, Marekani, walionyesha kuwa kuvu wa kuozesha mbao huweza kuondoa rangi. Mamama ni wa kundi hilo: vimeng'enya vyake huvunja lignini, ile inayoupa mti ugumu, na kwa kuwa havichagui sana, huvunja na rangi nyingi za viwandani.

Ila maji yatenganishwe kwanza kwa aina ya rangi. Rangi zinazoyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosulfaiti, zikipata hewa hurudi kuwa chembe zisizoyeyuka. Mimina kutoka ndoo hadi ndoo, acha zituame usiku kucha, chuja kwa mchanga. Hapo uyoga hauna kazi. Na siki isiguse kabisa maji hayo mabichi: haidrosulfaiti ikikutana na tindikali hutoa gesi ya salfa dioksidi, na kwenye chumba kilichofungwa kwa baridi ya Juni itawakaba watu pumzi.

Uyoga unafaa kwa rangi zinazotiwa chumvi na magadi soda, ambazo hubaki zimeyeyuka. Shida ni pH, yaani kipimo cha uchachu (namba ikiwa ndogo, uchachu ni mkali): maji yake hufika 10 au 11, mamama anataka karibu 5. Lita moja yenye gramu 10 za magadi itameza zaidi ya robo lita ya siki ya dukani, hasara tupu. Anzeni na maji ya suuza, ambayo magadi na chumvi yake ni kidogo. Tia siki polepole, maana inaumua povu, huku ukipima kwa karatasi ya pH.

Kwa kuotesha kuvu wa kuchujia maji hayo, kitanda cha magunzi ya mahindi ndicho rahisi. Yavunje vipande vya ukubwa wa kidole gumba, loweka usiku kucha, chuja, kisha yapashe kwa mvuke kwenye pipa, nyuzi 80, kwa saa 2. Yakipoa, changanya kilo 1 ya mbegu kwa kilo 10 za magunzi hayo yaliyolowa. Maranda ya paini ya Mufindi yanapatikana kirahisi, lakini utomvu wake humchelewesha kuvu. Pumba msiongeze, hata kama mmezoea kwenye uyoga wa kula. Huvuta ukungu wa kijani na bakteria. Kwa nyuzi 25 utando mweupe wa kuvu hukamilika wiki ya tatu hivi. Kwenye baridi ya Makete mwezi Julai, hesabu zaidi.

Utando ukikamilika, maji ya rangi yadondoke kitandani matone kwa matone kutoka ndoo iliyotobolewa, na yapate pa kutokea chini. Kitanda kikizama hukosa hewa, kinanuka, na bakteria hushika kazi. Nao hufifisha rangi za azo, kundi kubwa la rangi za viwandani, lakini huziacha nusu njia zikiwa kemikali ziitwazo amini, na baadhi ya amini hizo husababisha saratani. Maji meupe yanayonuka si maji safi.

Kabla ya kujisifu, pima. Weka gramu 100 za magunzi yenye utando kwenye chupa ya jamu, na gramu 100 nyingine zilizochemshwa nusu saa kwenye chupa ya pili. Mimina maji yaleyale kwa kipimo kilekile, funika kwa kitambaa, ngoja siku 5. Maji ya chupa zote mbili yakififia sawa na magunzi yakashika rangi, rangi haijavunjwa. Imehamia kwenye magunzi tu.

Chumvi hubaki, na shaba iliyomo katika baadhi ya rangi za bluu haivunjiki, kwa hiyo maji hayo yasimwagiliwe mchicha. Uyoga ukichipua kitandani usiliwe, na magunzi yaliyochoka wasipewe ng'ombe.

Wazalishaji wa mbegu za uyoga,
Iringa