Nachangia Versailles, na sioni haya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika majuzi kwamba Mswahili anayetoa pesa zake kutengeneza makasri ya Ufaransa amepotoka, kwa sababu Wafaransa wana serikali yao na serikali hiyo ni tajiri. Hakunitaja, ila barua yake imenigusa, maana mimi ni mmoja wa hao. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Huu ni mwaka wangu wa ishirini na tatu hapa Chicago, na kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Versailles, kasri la kale la wafalme wa Ufaransa, karibu na Paris. Bibi mmoja niliyemwangalia kwa miaka sita alikuwa na meza karibu na dirisha, na juu ya meza sanduku la viatu lililojaa bahasha. Kila Alhamisi, baada ya chai, aliandika barua za shukrani kwa mkono kwa watu waliotoa dola 10, 20 au 25 za kutengeneza sanamu za bustani ya Versailles. Baridi yabisi ilipomkaza vidole, akaniomba niandike mimi, yeye atie sahihi. Nikaandika. Mwanzoni niliona ni shughuli ya watu wasio na dhiki. Barua zilipofika mia hivi, nikaanza kuuliza maswali, na kila swali lilinipa jingine.

Tuanze na hilo la serikali tajiri. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mapaa ya Versailles yalikuwa yakivuja. Mwaka 1924 Mmarekani John D. Rockefeller Junior alitoa dola milioni moja kwa ajili ya Versailles, kasri la Fontainebleau na kanisa kuu la Reims, na mwaka 1927 akaongeza. Mpaka leo kuna barabara yenye jina lake mbele ya kasri. Huyo alikuwa tajiri, nakubali. Lakini mwaka 1952 hali ilikuwa mbaya tena, hata André Cornu, aliyekuwa akishughulikia sanaa katika serikali ya Ufaransa, akaingia redioni kuwaambia wananchi kwamba Versailles inaanguka na zinahitajika faranga bilioni tano. Serikali ndiyo iliyopiga hodi kwa watu wake. Desemba 1999 dhoruba ikang'oa miti kama 10,000 katika bustani zile, na watu wa nchi mbalimbali wakatoa pesa ya mti mmoja mmoja.

Hapa Chicago kuna American Friends of Versailles, chama kilichoanzishwa mwaka 1998. Wao walichangisha pesa za kufufua Bosquet des Trois Fontaines, bustani ya chemchemi tatu iliyotengenezwa mwaka 1677 na ambayo ilikuwa imefutika zamani. Kikundi chetu sisi, kile cha bibi cha kuchangia sanamu, si hicho, wala hatufiki huko. Sisi ni watu kumi na wawili, hatuna ofisi, tunakutana katika chumba cha chini cha maktaba ya mtaa.

Kazi yangu katika kikundi ni mahamri. Mara mbili kwa mwaka tunauza vyakula, na siku hiyo naamka saa tisa usiku kukanda unga. Iliki natwanga mwenyewe, tui nakamua kwa nazi mbili ninazofuata duka la Wahindi mwendo wa saa nzima kwa basi. Mwaka wa kwanza walinunua kwa kunionea huruma. Mwaka wa pili walipanga foleni. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa gari la taka alinunua manne, akatoa noti ya dola 20, akakataa chenji, kisha akasimama palepale. Nikamuuliza kama anataka na chai. Akasema anangoja risiti yake. Nikamwandikia. Akaisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka katika mfuko wa shati, akafunga kifungo.

Miezi minane baadaye mzee yule alipata bahasha kama wenzake wote. Ndani mlikuwa na karatasi moja: kiasi kilichokusanywa, kiasi kilichotumwa, ada ya benki, na picha mbili za sanamu ileile. Ya kwanza uso umeliwa na mvua, kuvu imejaa shingoni. Ya pili imesafishwa. Mtu wa dola 20 aliletewa hesabu sawa na mtu wa dola elfu mbili.

Mwaka juzi nilijaliwa kwenda kuona kwa macho. Bustanini zimetandazwa sanamu na vyungu zaidi ya 200 vya marumaru, shaba na madini ya risasi, vikipigwa na jua na mvua. Wakati wa baridi za marumaru hufunikwa maturubai, kwa sababu maji yakiingia katika nyufa na kuganda hupasua jiwe kutoka ndani. Zile zilizochoka sana huondolewa. Mafundi huzitolea kalibu, wakamimina nakala ya unga wa marumaru, na nakala ndiyo inayosimama nje. Zenyewe huhifadhiwa chini ya paa, katika jengo lililokuwa zizi la farasi wa mfalme. Nimegusa ukuta wa zizi lile. Hata farasi walijengewa.

Lakini kilichonikamata ni chemchemi ya Latona. Hadithi yake ni ya Wayunani. Mama huyu alikuwa akikimbia na pacha wake wachanga, Apollo na Diana, ana kiu. Alifika kwenye bwawa, akawaomba wanakijiji maji. Wakamnyima, na si kumnyima tu, wakaingia bwawani kuyatibua kwa miguu mpaka yakawa tope. Akamlilia mungu wao Jupita, nao wakageuzwa vyura. Ndugu wawili, Gaspard na Balthazar Marsy, walimchonga mama huyo akiwa na wanawe, na kumzunguka wamewekwa watu waliopakwa dhahabu, wengine vyura kamili, wengine nusu. Kuna mmoja mikono yake ni ya binadamu na mdomo umeshapanuka kuwa wa chura. Bado anajaribu kusema kitu.

Nilisimama pale mpaka mwenzangu akaja kunitafuta. Kisauni nimekulia katika nyumba ambayo bomba lilikuwa pambo. Tulinunua maji ya mkokoteni, na mwezi mmoja mfereji wa jirani ulipokuwa ukitoka, mama alituma mtoto na ndoo, akarudishwa nayo tupu. Mtoto huyo ni mimi. Fundi aliyekufa zaidi ya miaka 300 iliyopita alijua uso wa mtu anayemnyima mwenziwe maji unavyokuwa. Chemchemi hiyo ilitengenezwa upya kati ya 2013 na 2015, na pesa zilitoka Uswisi, kwa taasisi ya Philanthropia. Nawashukuru kama walionifanyia mimi.

Sasa nije kwenye swali la msomaji wako, ambalo ni la haki: na kwetu je? Ndugu yangu, kwetu nimetoa, na naendelea kutoa. Miaka kadhaa iliyopita tulichanga hapa ughaibuni, watu karibu sitini, kwa ajili ya kutengeneza nyumba ya zamani ya jumuiya moja ya pwani, yenye mlango wa nakshi ambao hata sasa nikifumba macho nauona. Sitaitaja, kwa kuwa waliokosea ni wachache na jina ni la wengi. Pesa zilipokelewa. Tulipouliza orodha ya waliotoa, tukaambiwa mweka hazina amesafiri. Tulipoomba picha ya mlango, tukaambiwa tuna dharau. Mpaka leo sijui kama fundi alifika. Wale sitini, ukiwaambia neno mchango, wanatazama pembeni.

Hao hawajaacha kuipenda pwani. Wakiitwa kwenye msiba au arusi wanatoa usiku huohuo. Walichokosa ni karatasi moja yenye hesabu na picha mbili. Kwa hiyo naomba, Mhariri, kwa kinywa cha gazeti lako: yeyote mwenye nyumba, msikiti au mlango wa kuokoa, na daftari lililo wazi, ajitokeze. Kuandika barua za shukrani najua, na unga wa mahamri sitaki kulipwa.

Bibi niliyekuwa nikimwangalia alifariki Januari. Wanawe waligawana vitu vyake, na mimi wakaniuliza nataka nini, nikawaambia sanduku la viatu. Liko mezani kwangu ninapoandika haya. Ndani zimebaki bahasha kumi na saba ambazo hazijajibiwa, na leo ni Alhamisi.

Wasalaam,
Binti wa Kisauni,
Chicago, Marekani