Usiseme "true" kabla hujapata wakili

Swahiba,

Meseji yako kwamba wanataka jaji akufutie probesheni, yaani ule uangalizi wa nje wenye masharti badala ya jela, kwa sababu ya ada hukulipa na siku mbili hukuripoti, nimeiona usiku nikitoka shifti, sikujibu pale pale mana haya sio mambo ya voisi noti. Kwanza kabisa usimpigie yule afisa wako wa probesheni kumuelezea. Najua unaona ukimwambia gari lilikufa na kazini wakakubadilishia ratiba atakuelewa, na pengine ni mtu mzuri tu, lakini chochote utakachomwambia kinaweza kuletwa mahakamani kama ushahidi wala halazimiki kukuonya kwanza kama polisi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaamua hivyo mwaka 1984 kwenye kesi ya Minnesota v. Murphy. Wakili ndo aulize kama hati ya kukamatwa imeshatoka, na kama imetoka ni bora mkajisalimishe pamoja kuliko udakwe barabarani unapeleka mtoto shule. Kesi yako ni ile ambayo jaji hakukutia hatiani, aliahirisha hukumu akakupa masharti, kwa hiyo hapo Texas dhamana unayo haki nayo.

Sasa sikiliza hapa. Siku ya kusikilizwa sio kama kesi ya kawaida, hakuna juri, yaani wale raia wanaoamua kesi, ni jaji peke yake, na mwendesha mashtaka hahitaji kuthibitisha bila shaka yoyote, mizani ikielemea kwake kidogo tu inatosha, tena kosa moja la kuvunja masharti linatosha, hata kama kwenye karatasi wameandika matatu na mawili umeyashinda. Watasoma moja moja na kwa kila moja unaulizwa "true" (kweli) au "not true" (si kweli). Hapo ndo watu wetu wanapomalizika. Sisi tumelelewa ukiulizwa na mkubwa unainamisha kichwa unasema nimekosa naomba unisamehe, na nimemtafsiria mama mmoja Mkongo hapa Houston ambaye alijibu "kweli" mpaka mwisho kwa adabu tu, huku ada alishindwa kulipa kwa sababu alipunguzwa kazi. Texas ukishasema kweli kwa kosa moja tu, jaji hahitaji ushahidi mwingine. Adabu weka nyumbani, pale jibu atakuelekeza wakili, na kama huna pesa omba wa mahakama, ni haki yako. Mkalimani pia omba hata kama Kiingereza chako unakiona kizuri, cha mahakamani ni kingine.

Kuhusu hela usiogope sana. Kuna jamaa wa Georgia anaitwa Bearden, alitakiwa alipe dola 750 za faini na fidia, akakopa kwa wazazi wake akalipa 200, halafu kiwanda kikampunguza kazi na kusoma hajui, akawaambia probesheni mapema kwamba atachelewa na bado wakamfunga. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ikasema huwezi kumfunga mtu kwa sababu hana kitu, lazima kwanza uangalie kama alijitahidi. Na Texas kama shitaka lenyewe ni ada tu za usimamizi na gharama za mahakama, ni mwendesha mashtaka anayetakiwa kuthibitisha kwamba ulikuwa na uwezo ukagoma. Kwa hiyo zile hati za mshahara, barua ya kupunguziwa masaa, meseji za kuomba kazi, risiti ya fundi yenye tarehe, kusanya zote, hata iliyolowa chai.

Zile siku mbili hukuripoti ndo zinanitia wasiwasi zaidi. Muulize wakili kuhusu ule utetezi wa Texas kwamba hakuna afisa aliyekufuata ana kwa ana nyumbani wala kazini kwenye anwani iliyo kwenye faili lao. Ndo mana nakuuliza, ulipohama Irving uliwapa anwani mpya? Kama uliwapa nataka ushahidi wake.

La mwisho ndo kubwa, na wakili wa jinai anaweza asilione kabisa. Una grinikadi, sio uraia. Kwa uhamiaji ile hukumu iliyoahirishwa tayari inahesabika ni hatia kwa sababu ulikubali kosa na ukapewa masharti, ila kifungo hukupewa. Jaji akikutia hatiani sasa, kosa lako la wizi mwisho wake ni mwaka 1 jela, na mwaka mzima kwa wizi, hata ukiambiwa hutautumikia, unaweza kukuweka kwenye kundi baya kuliko yote la kufukuzwa nchini. Siku 364 sio hivyo. Siku moja tu hiyo! Kwa hiyo kabla hujasaini makubaliano yoyote wakili wa uhamiaji ayaone, na huyo wa jinai analazimika kukushauri kuhusu hilo tangu kesi ya Padilla ya Mahakama ya Juu mwaka 2010, mkumbushe bila aibu.

Nipigie picha karatasi yote mbele na nyuma unitumie leo, hasa pale penye tarehe. Na shemeji mwambie ukweli, asije akasikia kwa watu msikitini.

Wako wa siku zote