Barua ya wazi kwa mkubwa wa ofisi ya wagonjwa wa kupelekwa nje: damu ya O si kosa la kaka yangu

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote za cheo chako. Barua nilizoleta ofisini zilipokelewa, zikapigwa muhuri, zikalala. Hii naiandika mbele ya watu, kwa sababu Ijumaa usiku umeme ulikatika hapa Katuba, mashine ya oksijeni tuliyoazima ikazima, chupa ya akiba ikaisha kabla ya alfajiri, na Yaya, kaka yangu mkubwa, nusura atuponyoke.

Alikaa kwenye kigoda, ameinama, viganja juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka. Alitaka kusema tufungue dirisha. Alifika kwenye "tufu", pumzi ikakata. Kidude cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni ya damu, kilionyesha asilimia 74.

Mapafu yake yaliishia chini ya ardhi, akitoboa mwamba, kitambaa puani. Daktari anasema vumbi la mawe limeacha makovu na hakuna dawa ya kuyaondoa. Mimi nadhani na moshi wa makala jikoni umechangia. Kilichobaki ni mapafu mengine, ndiyo maana tulikuletea faili. Ofisi yako ikajibu kwa mstari mmoja na nusu: mgonjwa ni grupu O, mapafu ya kumfaa ni adimu, faili limefungwa. Asante kwa ufupi.

Ni kweli, mtu wa O ana shida. Damu yake imebeba askari wa kupiga A na B. Ukimwekea pafu la A hivi hivi, wanaliharibu mara moja. Mwaka 2003 huko Marekani msichana wa miaka 17, grupu O, aliwekewa kwa kosa moyo na mapafu ya mtu wa A. Wakamwekea vingine vya kumfaa, akafa vilevile. Na kuna uonevu mwingine wa maumbile: pafu la O linaweza kwenda kwa yeyote, lakini mwenye O anapokea la O peke yake. Hayo nayajua, usinifundishe.

Ila wenzetu hawakufunga faili. Mwaka 2022 timu ya daktari Marcelo Cypel, Toronto, Kanada, ilieleza ilivyochukua mapafu ya A, ikayaweka kwenye mashine inayoyapumulisha nje ya mwili, ikatia vimeng'enya viwili, yaani protini za kukata, vya bakteria wa utumbo wa binadamu. Ndani ya saa nne, zaidi ya asilimia 97 ya alama za A, zile ambazo wale askari wa damu huzipiga, zilikuwa zimekatwa. Ulikuwa utafiti, hakuna mgonjwa aliyewekewa mapafu yale, na seli huweza kuzitengeneza tena alama hizo. Sikudanganyi. Nauliza tu: ikiwa pafu linabadilishwa grupu kabla ya chakula cha mchana, ofisi yako imeshindwa kubadilisha nini?

Redioni uliahidi kwamba mtu aliyeharibikia mgodini hataachwa. Yaya alikusikia, siku hizo bado alikuwa anafika barabarani kwa miguu. Safari za nje nazo zipo, tunaona wanaopanda ndege. Sijui wao wana damu gani, pengine grupu ya wajomba. Unisamehe, hilo limenitoka.

Fungua faili, Mheshimiwa. Kama ni zito, basi tuanzie chini: mashine ya kuchuja oksijeni, na betri ya kuishikilia umeme ukiondoka. Tuliyo nayo ni ya watu na wanaidai. Chupa zimekula pesa ya masomo ya watoto wake. Sikuombi viza, sikuombi Afrika Kusini. Mashine na betri. Hata ya mtumba, mradi inafanya kazi. Na iwe kabla ya mvua, maana mvua ikianza umeme ndiyo tunausahau kabisa. Mashine na betri, Mheshimiwa.

Naomba jibu lenye sahihi yako, si ya katibu.

Mdogo wake mgonjwa,
Katuba, Lubumbashi