Umeme wa kichwani sio dawa ya miguu

Mhariri, salaam. Nimesoma habari yenu ya juzi kuhusu mashine ya umeme wa kichwani, eti inawainua waliopooza kwa polio. Imenikera kidogo, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo naomba nafasi niseme.

Niliugua 1971 nikiwa na miaka 3, mpango wa chanjo kwa watoto wa nchi nzima ukaja kuanza 1975, yaani nimeukosa hivi hivi tu. Mguu wa kushoto ukabaki mwembamba kama mwiko, wa kulia ndo ukawa kila kitu, nimekanyagia cherehani miaka zaidi ya 30 hapa Morogoro na watoto wanne wamesoma kwa mguu huo. Sasa nimevuka hamsini huo huo mguu mzima ndo umeanza kunigomea. Asubuhi niko vizuri, ikifika saa sita mchana mwili umekwisha, sio usingizi wala uvivu, ni kama simu iliyozima chaji. Hospitali nikaambiwa mama huo ni umri, kazana na mazoezi. Nikakazana kwa ubishi, ngazi juu chini kila siku, wiki ya pili nikawa siwezi hata kunyanyuka kwenye stuli.

Kumbe hali hii ina jina, inaitwa posti polio, na mara nyingi inakuja miaka 15 mpaka 40 baada ya polio yenyewe. Daktari wa neva niliyempata baada ya kuhangaika sana alinieleza hivi: polio inaua seli za neva kwenye uti wa mgongo, zinazobaki zinaota matawi na kushika misuli iliyoachwa na zile zilizokufa, seli moja inabeba kazi ya wenzake kadhaa, inabeba miaka nenda rudi mpaka inaelemewa na kuanza kuachia matawi. Na mguu ninaouita mzima nao virusi viliupitia, ila haukuonyesha. Ndo maana yale mazoezi ya kukomoana yaliniangusha.

Haya, huo umeme. Upo kweli, sipingi. Wanaweka sponji zenye maji kichwani, unapita umeme mdogo sana, miliampea 1 au 2 hivi, dakika 15 mpaka 20. Italia walijaribu kwa watu 32 wenye posti polio, matokeo yakatoka 2013, wakaona waliopata umeme wa kweli, sio wale waliowekewa wa kuigiza tu, usingizi umekaa sawa na uchovu umepungua. Uchovu na usingizi, mhariri! Kwangu hilo sio dogo, ningepata hata saa mbili za ziada kwa siku ningeshona sare za shule kumi zaidi kwa wiki. Lakini seli iliyokufa kwenye uti wa mgongo haifufuki kwa sponji ya kichwani, na watu 32 ni Coaster moja tu iliyojaa.

Nasema hivi kwa sababu wiki hiyo hiyo ya habari yenu dada mmoja wa kikundi chetu alikuwa anatafuta mteja wa cherehani yake, apate hela ya kwenda kwa jamaa anayetoza elfu 40 kwa kikao kimoja cha huo umeme. Tumembembeleza mpaka akaacha, ila wengine sijui nani atawabembeleza.

Umeme ulionisaidia mimi mpaka sasa ni wa mota niliyofunga kwenye cherehani. Hiyo, na kupumzika kabla sijachoka, na kurudia magongo niliyoyaacha nikiwa msichana, hapo nililia kwa aibu sikufichi.

Kwahiyo tafuteni daktari wa neva aeleze hii posti polio gazetini, na wale wa zahanati wasome, mtu akija analalamika uchovu wamuulize kama aliwahi kuugua polio utotoni kabla ya kumwambia apande ngazi. Na mkitaka kumtuma mwandishi kwangu karibuni sana, ila afike kabla ya saa sita, baada ya hapo atanikuta nimelala.

Mama wa cherehani, Morogoro